Nani anailinda saa ya kompyuta yako?

Chukua mfano huu. Duka limevunjwa usiku na kamera ya CCTV imenasa kila kitu: sura ya mtu, shati lake, pikipiki iliyomsubiri nje. Kesi inafika mahakamani. Pembeni mwa picha pameandikwa tarehe na saa, na tarehe hiyo ni ya siku mbili kabla ya duka kuvunjwa, siku ambayo mshitakiwa ana tiketi ya basi na mashahidi wa kuthibitisha kwamba alikuwa mkoa mwingine. Wakili wake hana haja ya kubishana na sura iliyo kwenye picha. Anauliza swali moja: kama mashine haikujua leo ni siku gani, mahakama iiamini kwa lipi?

Swali hilo lina uzito wa kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama itazame kama njia iliyotumika kuutengeneza na kuuhifadhi ushahidi wa kielektroniki ni ya kuaminika. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka kompyuta iliyotoa ushahidi iwe ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Saa iliyopotea ni mlango wazi kwa kila mwenye nia ya kuutilia shaka ushahidi huo.

Na mahakama ni sehemu moja tu. Kila muamala wa simu, kila fedha inayotoka kwenye ATM, kila barua pepe na kila kumbukumbu ya aliyeingia kwenye mfumo wa ofisi hupigwa muhuri wa saa. Seva ya benki na seva ya kampuni ya simu zikipishana, hakuna tena ajuaye kwa hakika lipi lilitangulia, malipo au madai. Kwa bahati njema, dawa ipo tangu miaka ya 1980, haiuzwi, na iko ndani ya karibu kila kompyuta na simu tuliyo nayo. Tatizo letu ni kwamba wengi hatujui ipo, na taasisi zetu nyingi zinaitumia kwa mazoea bila kuuliza saa hiyo inatoka wapi.

Jiwe linalotetema

Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi. Kikipitishiwa umeme hutetema, na katika saa nyingi kimekatwa kwa kipimo cha kutetema mara 32,768 kwa sekunde. Mashine huihesabu mitetemo hiyo. Ikitimia, sekunde moja imepita. Hesabu hiyo haina dosari, lakini jiwe lina tabia zake. Joto likipanda au likishuka, mwendo wake hubadilika. Likizeeka, hubadilika tena. Kristali ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 katika kila milioni. Tarakimu hiyo ni ndogo, lakini siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo kosa linafikia karibu sekunde 1.7 kwa siku, kiasi cha sekunde 50 kwa mwezi, na zaidi ya dakika 10 kwa mwaka.

Kompyuta ikizimwa, saa huendelea kwa nguvu ya betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032, iliyochomekwa kwenye ubao mkuu. Betri hiyo ikifa, kompyuta ikiwashwa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, pengine miaka mingi nyuma. Wenye kompyuta za mtumba wanaijua hali hii: wanafungua tovuti ya benki, kivinjari kinagoma na kuonya kwamba tovuti si salama. Tovuti haina kosa. Cheti chake cha usalama kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kwa kompyuta inayodhani tuko mwaka 2009, cheti hicho bado hakijaanza kutumika.

Zile namba za siri zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 kwenye simu nazo hutengenezwa kwa kutumia saa. Simu ikichelewa kwa dakika kadhaa, namba inakataliwa ingawa mwenyewe hajakosea hata tarakimu moja. Katika ofisi nyingi zinazotumia mitambo ya Windows, kompyuta inayopishana na seva kuu kwa zaidi ya dakika 5 huzuiwa kuingia kabisa. Mfanyakazi anahangaika na nywila yake asubuhi nzima, kumbe tatizo ni saa.

Mwanamke aliyeuza saa London

Kabla ya kompyuta tatizo lilikuwa lilelile: saa bora iko mahali pamoja, wanaoihitaji wako kwingine. Mwaka 1836 John Henry Belville, mfanyakazi wa kituo cha elimu ya nyota cha Greenwich, alianza kuwapelekea watengeneza saa wa London saa sahihi kwa kutumia saa ya mfukoni iliyotengenezwa na fundi John Arnold. Alipofariki, mjane wake Maria aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1892 ikarithiwa na binti yao, Ruth. Kila wiki Ruth Belville alikwenda Greenwich, akalinganisha saa yake na saa kuu, akapewa cheti kinachoeleza imepishana kwa kiasi gani, kisha akazunguka mjini kwa wateja wake. Aliacha mwaka 1940, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Kazi yake ina jambo la kuzingatia. Hakudai kwamba saa yake haikosei. Alijua inakosea kwa kiasi gani na alibeba maandishi ya kulithibitisha hilo. Wateja wake walilipia ukweli huo.

Redio ilikuja kuifanya kazi hiyo kwa upana zaidi. BBC ilianza kurusha milio yake sita ya saa mwezi Februari 1924, na kwa mawimbi mafupi milio hiyo ikafika hadi Afrika Mashariki, ambako wazee wetu waliitumia kurekebisha saa zao kabla ya taarifa ya habari. Lakini mlio wa redio huenda upande mmoja. Msikilizaji hana njia ya kujua umechukua muda gani kumfikia. Kwa saa ya ukutani haidhuru. Kwa kompyuta inayopanga miamala elfu kwa sekunde, inadhuru.

David Mills na itifaki yake

Aliyelitatua tatizo hilo kwa ajili ya intaneti ni Mmarekani David Mills. Alizaliwa mwaka 1938 na ugonjwa wa presha ya macho. Upasuaji wa utotoni ulimwokolea sehemu ya uoni wa jicho la kushoto, na ni kwa jicho hilo alisoma mpaka akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1971. Mwaka 1977 alijiunga na shirika la setilaiti la COMSAT, na huko akakutana na swali la saa: kompyuta zilizo mbali, zinazoongea kupitia setilaiti, zitakubalianaje kuhusu wakati?

Mwaka 1985 alichapisha itifaki ya saa ya mtandao, ambayo mafundi huiita NTP. Aliendelea kuiboresha akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Delaware. Toleo la nne lilichapishwa mwaka 2010. Kwa miaka mingi uoni wake ulizidi kufifia hadi akapofuka kabisa, naye hakuiacha kazi. Alifariki tarehe 17 Januari 2024, akiwa na miaka 85. Aliyeutangazia ulimwengu wa intaneti msiba huo ni Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti yenyewe. Mabilioni ya watu wanaotumia kazi ya Mills kila siku hawajapata kulisikia jina lake, na hiyo ni sababu tosha ya kulitaja hapa.

Mills alizipanga saa za dunia kwa ngazi. Ngazi ya 0 ni vyanzo vyenyewe: saa za atomu, na setilaiti za GPS zinazobeba saa za atomu. Tangu mwaka 1967 sekunde moja imefafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu, na hakuna jiwe la kwatzi linaloweza kushindana na hiyo. Ngazi ya 1 ni seva zilizounganishwa moja kwa moja na vyanzo hivyo. Ngazi ya 2 huuliza ngazi ya 1, ya 3 huuliza ya 2, na kuendelea mpaka ya 15. Mashine inayojitaja kuwa ngazi ya 16 inakiri kwamba haijui saa, na haifai kuulizwa. Kila seva inapojibu hutaja ngazi yake na makadirio ya kosa lake. Cheti cha Ruth Belville kimo ndani ya kila jibu.

Hesabu ya kwenda na kurudi

Ubingwa wa NTP uko kwenye namna inavyouondoa muda wa safari. Tuseme unamtuma mtoto akaulize saa kwa jirani. Anaondoka saa yako ikiwa 4:00. Anafika kwa jirani, na saa ya jirani inasema 4:15. Anangojeshwa, anaondoka saa ya jirani ikiwa 4:17, na anarudi kwako saa yako ikisema 4:12. Kwa saa yako ametumia dakika 12. Dakika 2 alikuwa amekaa kwa jirani, kwa hiyo alitembea dakika 10: 5 za kwenda na 5 za kurudi. Basi alipofika kwa jirani, kwako ilikuwa 4:05, na kwa jirani 4:15. Saa yako imechelewa kwa dakika 10.

Kompyuta hufanya hesabu hiyohiyo kwa namba nne za saa, ila kwa vipande vidogo mno vya sekunde. Kisha hairukii saa mpya papo hapo. Kosa likiwa dogo, programu huikimbiza saa kidogo au kuipunguza mwendo, kwa kiwango kisichozidi sehemu 500 kwa milioni. Kusahihisha sekunde moja kwa mwendo huo huchukua zaidi ya nusu saa. Subira hiyo ina maana yake: saa ikirudishwa nyuma ghafla, jambo la baadaye linaweza kuandikwa kana kwamba lilitangulia. Na kosa likizidi sekunde 1,000, programu ya asili ya NTP hukataa kusahihisha na hujizima. Kosa kubwa kiasi hicho linamtaka mtu aje aangalie kwanza.

Hesabu hii ina sharti moja: safari ya kwenda na ya kurudi ziwe na urefu sawa. Zisipokuwa sawa, jibu linapotoka kwa nusu ya tofauti yao. Ndiyo maana umbali wa seva unayoiuliza una maana kubwa. Njia ikiwa fupi, hata upotofu wake hauwezi kuwa mkubwa.

Siku saa kuu ilipokosea

Tarehe 19 Novemba 2012, seva mbili mashuhuri za saa za kituo cha elimu ya nyota cha Jeshi la Majini la Marekani zilianza kutangaza kwamba mwaka ni 2000. Hitilafu ilisahihishwa siku hiyohiyo, lakini mitambo iliyozitegemea seva hizo peke yake ilikuwa imekwisha kurudi miaka 12 nyuma, na mifumo ya simu za ofisi na ya kuingilia kwenye kompyuta ikavurugika katika taasisi mbalimbali.

Waliosalimika ni wale waliouliza seva kadhaa. NTP ina ustadi wa kulinganisha majibu na kuitupa saa inayosema tofauti na wenzake. Ukiwa na chanzo kimoja, unakifuata hata kikipotea. Ukiwa na viwili vinavyopingana, huna njia ya kujua kipi kina haki. Vitatu vinaweza kumtambua mwongo mmoja. Ndiyo maana wataalamu hushauri vyanzo visivyopungua vinne, ili kimoja kikizimika bado vibaki vitatu.

Hatari nyingine hutoka kwa wanaotumia bila kufikiri. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilivamiwa na mafuriko ya maulizo ya saa. Chanzo hakikuwa mdukuzi. Mamia ya maelfu ya ruta za kampuni ya Netgear zilikuwa zimetoka kiwandani na anwani ya seva ya chuo hicho, na zisipopata jibu ziliuliza tena kila sekunde. Mwaka huohuo wa 2003 mhandisi Adrian von Bidder alianzisha mpango wa kugawana mzigo: watu na taasisi wanajitolea seva zao, na anayeuliza saa anapelekwa kwenye mojawapo. Leo mpango huo, unaojulikana kwa anwani ya pool.ntp.org, una maelfu ya seva duniani na unazihudumia kompyuta, kamera na ruta zisizohesabika. Ni msaragambo wa mataifa, na unaendeshwa kwa nguvu za watu wa kujitolea.

Dunia yenyewe nayo huongeza taabu, kwa kuwa haizunguki kwa mwendo uleule siku zote. Tangu mwaka 1972 wataalamu wameongeza sekunde 27 kwenye saa ya dunia, UTC, ili ilingane na mzunguko huo. Ya mwisho iliongezwa mwisho wa mwaka 2016; kwetu Afrika Mashariki iliangukia muda mfupi kabla ya saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, na dakika ile ilikuwa na sekunde 61. Programu ya kampuni ya Cloudflare iliyodhani kwamba wakati hauwezi kurudi nyuma ilipata jibu lililo chini ya sifuri, na sehemu ya huduma zake ikaanguka. Mwezi Novemba 2022 mkutano mkuu wa dunia wa vipimo uliamua kwamba utaratibu huu ubadilishwe ifikapo mwaka 2035.

Mbele kuna tarehe nyingine mbili za kuandaliwa mapema. NTP huhesabu sekunde kuanzia mwaka 1900 kwa namba yenye ukomo, na namba hiyo itajaa na kuanza upya tarehe 7 Februari 2036, saa 3 na dakika 28 asubuhi kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam. Mifumo ya zamani ya Unix itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Programu za kisasa zimeandaliwa. Mitambo ya zamani ya viwandani na maofisini, ile isiyoguswa kwa kuwa bado inafanya kazi, haina dhamana hiyo.

Sisi tuko mbali na saa

Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja kulichukua kiasi cha robo sekunde, na kwenda na kurudi nusu sekunde. Mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika pwani yetu, na mingine ikafuata, muda huo ulipungua sana. Haukwisha. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 za mkongo inahitaji walau milisekunde 100 za kwenda na kurudi. Na mikongo inapokatika, kama ilivyotokea kwa SEACOM na EASSy mwezi Mei 2024, safari huzungushwa njia ndefu zaidi, na kwenda kunaweza kupita upande mmoja na kurudi upande mwingine.

Nairobi na Dar es Salaam zina vituo vya kubadilishana mawasiliano, KIXP na TIX, ambako makampuni ya intaneti hukutana bila kuivuka bahari. Hapo ndipo panapostahili seva za saa za kutosha, zinazopokea wakati moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti za GPS. Kipokezi cha GPS na antena yake juu ya paa ni gharama ndogo kwa benki, chuo kikuu au kampuni ya simu, na kinaipa taasisi ngazi ya 1 yake yenyewe. Hata hivyo Afrika ina seva chache mno kwenye mpango ule wa kujitolea, ukilinganisha na Ulaya. Tunaagiza saa kutoka ng'ambo wakati setilaiti zilezile zinapita juu ya vichwa vyetu.

Kuna pia jambo linalowachanganya wengi. NTP haibebi saa ya Dodoma wala ya Kigali. Hubeba UTC peke yake. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele yake. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa 2 mbele. Kinshasa iko saa 1 mbele. Tofauti hizo hupangwa ndani ya kifaa chenyewe. Kampuni ya mizigo yenye ofisi Dar es Salaam na Bujumbura inaweza kuwa na saa sahihi kabisa pande zote mbili na bado ikasoma vibaya nani alipokea nini kwanza, kwa sababu mtu mmoja alichagua ukanda usio wake, au aliisogeza saa kwa mkono badala ya kurekebisha ukanda. Kumbukumbu za mifumo zitunzwe kwa UTC. Zigeuzwe kuwa saa ya mahali zinaposomwa.

Usalama nao usisahaulike. NTP ya kawaida haithibitishi aliyejibu ni nani, na mwaka 2014 wahalifu walizitumia seva za saa zilizolindwa vibaya kuwaelemea wengine kwa mafuriko ya data ya takriban gigabiti 400 kwa sekunde. Tangu mwaka 2020 upo utaratibu rasmi uitwao NTS, unaoliwekea jibu la saa uthibitisho wa kisiri. Taasisi zinazoshika fedha na kumbukumbu za watu hazina sababu ya kuuahirisha.

La kufanya

Nyumbani kazi ni ndogo. Fungua mipangilio ya simu na kompyuta, washa kipengele cha kuweka tarehe na saa kiotomatiki, kisha hakikisha ukanda uliochaguliwa ni wa nchi uliyomo. Kompyuta yako ikipoteza tarehe kila inapozimwa, mwambie fundi akubadilishie betri ya ubao mkuu.

Mwenye duka, shule au zahanati aliyefunga kamera za CCTV afungue leo kinasa picha chake na kukilinganisha na simu. Kikiwa kimepishana, amtake fundi akiunganishe na seva ya saa, na aandike kwenye daftari tarehe aliyokisahihisha na tofauti aliyoikuta. Daftari hilo linaweza siku moja kuuokoa ushahidi wake.

Wakuu wa idara za teknolojia wajiulize: vyanzo vyetu vya saa ni vingapi, viko wapi, na nani hupata taarifa vinapopishana? Kama jibu ni chanzo kimoja kilicho ng'ambo, kazi ya kwanza imepatikana. Vyuo vikuu na makampuni ya intaneti ya Tanzania, Kenya na Uganda yafunge vipokezi vya GPS na kuchangia seva kwenye mpango wa dunia. Mamlaka za mawasiliano na benki kuu ziweke kiwango cha lazima cha usahihi wa saa kwa kila anayepitisha fedha za wananchi, kama Umoja wa Ulaya ulivyofanya kwa masoko yake ya mitaji mwaka 2018, ambako kwa biashara ya kasi kubwa tofauti na UTC hairuhusiwi kuzidi maikrosekunde 100.

David Mills alituachia chombo hiki bila kutudai hata senti. Kukitumia vizuri, na kuchangia seva zetu ili wengine nao wakitumie, ni wajibu wetu.